Vyoo Mia Moja

Mzee Mkeka alikataa kutia saini kwa mara ya nne, na safari hii alikataa huku akimega mkate.

"Mwanangu, karatasi hii inasema nilipima ghala. Sikulipima. Ukitaka niandike kwamba nimekula mkate wa polisi, nitaandika sasa hivi, maana hilo ni kweli na mkate wenyewe ni mgumu."

Shangazi aliirudisha karatasi ya maelezo upande wake wa meza. Hakuwa shangazi wa mzee huyo. Alikuwa mpelelezi mwenye miaka kumi na tisa kazini, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu aliuliza maswali ambayo mtu huulizwa na shangazi yake tu: ulilala wapi, na nani alikuona, na mbona shati umelivaa ndani nje. Wengi walilicheka jina hilo mpaka siku walipoketi wao upande wa pili wa meza.

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Saa nane mchana yangetokea mambo mawili. Mzee angepelekwa mahakamani kujibu shtaka la kusababisha kifo kwa uzembe. Na katika jengo la mkoa, Mkurugenzi wa mkoa angetia saini mpango wa kuwahamisha watu wa bondeni, watu elfu arobaini na kitu, endapo bwawa lililo juu ya jiji lingefunguliwa. Bwawa lilikuwa limejaa pomoni tangu wiki iliyopita. Mambo yote mawili yalisimama juu ya karatasi moja, fomu ya Kituo cha Hifadhi namba 41.

Fomu hiyo ilisema namba 41 ni ghala linalochukua watu elfu mbili. Jumamosi mkoa ulifanya zoezi la majaribio, na watu mia sita wakaelekezwa huko. Walikuta mlango mmoja na rafu za chuma mpaka darini. Wa mbele walisimama, wa nyuma wakaendelea kusukuma kwa kuwa walikuwa wameambiwa kuna nafasi tele, na mama mmoja mshonaji, bibi wa wajukuu watano, akaanguka, akakanyagwa, akafa. Alikufa katika zoezi, juani, hata maji yenyewe hayajaja. Na chini ya fomu ilikuwepo saini ya mpimaji wa mkoa, Mzee Mkeka.

"Saini ni yako, baba?"

"Ni yangu."

"Mtaalamu wa maandishi anasema hivyo hivyo."

"Mtaalamu hajakosea. Mimi ndiye niliyekosea." Mzee aliweka mkate chini. "Gari la ofisi linaondoka alfajiri, masjala inafunguliwa saa mbili. Kwa hiyo nilikuwa naacha fomu kumi tupu, nimeshazisaini. Jioni napiga simu, nasoma hesabu, karani anachapa. Ni uvivu, na ni ujinga. Kwa ujinga huo nifukuzeni kazi, sitalalamika. Lakini ghala hilo sijawahi kulikanyaga."

"Utanithibitishiaje?"

"Kwa nini wananiita Mkeka?"

"Niambie wewe."

"Kwa sababu natembea na mkeka. Mita mbili kwa moja na robo tatu. Hiyo ndiyo nafasi ya mtu mmoja, kalala, na mzigo wake, na njia ya jirani yake kwenda kujisaidia bila kumkanyaga. Nautandika, natia msalaba wa chaki kwenye pembe nne, nausogeza. Vijana wananicheka, wao wana kifaa cha miale. Sasa kile kifaa kinapima sakafu. Hakijui kwamba hapa pana nguzo na pale mlango unafungukia ndani. Mkeka unajua. Kituo nilichopima kina misalaba sakafu nzima. Nenda kaangalie ghalani. Chaki kwenye saruji inakaa hata mwaka kama hapadekiwi, na mimi sijaona ghala linalodekiwa."

Shangazi alifunga daftari. Aliwahi kudanganywa na wazee wenye sura nzuri kuliko huyu, kwa hiyo sura haikumwambia kitu. Misalaba ingemwambia.

Koridoni Mkuu wa Upelelezi alikuwa anamsubiri, simu mkononi.

"Amesaini?"

"Hajasaini, afande."

"Asaini, asisaini, saa nane yuko kizimbani. Mkurugenzi ananipigia kila nusu saa. Watu wa bondeni wamekaa barabarani wanataka mtu, na mtu tunaye."

"Wanataka aliyefanya."

"Shangazi, usinianzie."

"Umesema saa nane, afande. Sijaomba hata dakika ya nyongeza." Na kabla hajajibiwa alikuwa ameshashika ngazi.

Ghala lilikuwa mwisho wa barabara ya vumbi, nyuma ya karakana ya matairi. Mlinzi wake, mtu mzima mwenye redio shingoni, alifungua kufuli na kumwonya kwamba ndani hapana pa kuzungukia. Kweli hapakuwepo. Rafu zilifungwa sakafuni kwa boliti, safu tisa, na kati ya safu na safu mtu mnene angepita ubavu. Shangazi alipiga magoti, akawasha tochi, akaanza kutambaa.

Safu ya kwanza, vumbi tu. Ya pili, kiatu cha mtoto kilichoachwa Jumamosi. Alikitia kwenye mfuko wa vielelezo na kukiandikia. Safu ya tatu, karibu na mlango, mwanga wa tochi uliangukia msalaba mweupe.

Alikaa kitako. Halafu akauona wa pili, na wa tatu, imepangana sawasawa. Kama hiyo ilikuwa chaki, mzee alikuwa mwongo mwenye kipaji, na yeye Shangazi angerudi mjini kumwomba Mkuu radhi. Alilowesha kidole kwa mate, akasugua kwa nguvu. Msalaba haukusogea.

"Hiyo ni rangi," mlinzi alisema kutoka mlangoni. "Walichora mafundi siku wanafunga rafu, wajue boliti zinakaa wapi. Mwaka wa sita huu."

"Mtu hajawahi kuja hapa na mkeka? Mzee hivi, mfupi, ana chaki?"

"Na mkeka? Aje alale?" Mlinzi alicheka. "Hapana, mama. Ningekumbuka."

Alitambaa safu zote tisa na suruali ikageuka rangi. Hapakuwa na chaki hata ya kuandikia a. Alisimama, akajipangusa, akafungua nakala ya fomu.

"Vyoo viko wapi?"

"Kiko pale nyuma."

"Kiko?"

"Viko viwili, ila kimoja kimefungwa tangu niajiriwe. Fomu inasemaje?"

"Mia moja."

Mlinzi alivua kofia, akaivaa tena. "Mia? Mama, hata nikihesabu na vichaka vya huko nyuma sifikishi."

Shangazi naye alicheka, hakuweza kujizuia. Kisha alimuuliza kama kuna mtu yeyote wa mkoa aliyefika hapo kabla ya zoezi. Mlinzi alifikiri. Alikuja dereva mmoja, alisema, mwembamba, kofia ya mistari, gari jeupe la serikali. Hakushuka. Aliuliza namba ya kiwanja, akaiandika kiganjani, akageuza gari. Ilikuwa kama mwezi mmoja uliopita.

Mtu anayeandika kiganjani hapendi karatasi, Shangazi alijiambia, na mtu asiyependa karatasi ana sababu. Saa nne na nusu alimkuta dereva mwenyewe nyuma ya jengo la mkoa, anaosha gari jeupe, kofia ya mistari ikining'inia kwenye kioo cha pembeni.

"Nani alikutuma ghalani?"

"Ghala lipi, afande?"

"Wewe umewahi kutumwa maghala mangapi?"

Dereva alikamua kitambaa taratibu. "Afande, mimi ni mikono na miguu ya watu. Nikitumwa nakwenda."

"Ndiyo ninachokuuliza. Mikono ya nani?"

"Mama wa masjala. Alisema kuna fomu haina anwani, nipite nikachukue namba."

"Na kuandika kiganjani?"

"Kalamu nilikuwa nayo, karatasi sikuwa nayo." Alimwonyesha kiganja. Kilikuwa na orodha ya vitu vya kununua sokoni, vitunguu vikiwa mwanzo. Shangazi alikitazama mpaka mwisho kisha akamwachia aendelee kuosha gari. Huyo alikuwa na ubaya mmoja tu, kukosa daftari.

Karani wa masjala alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, na meza yake ilipangwa kiasi kwamba hakuna aliyeweza kulifikia kabati bila kumpita yeye. Alimsikiliza Shangazi mpaka mwisho.

"Nilimtuma, ndiyo. Fomu iliingia kwenye trei imejaa kila kitu isipokuwa anwani, na saini ya mzee iko chini. Nikasema mzee anazeeka, amesahau."

"Hesabu zake hakukusomea kwa simu?"

"Hiyo moja, hapana. Imekuja imechapwa tayari."

"Na trei iko wapi?"

"Koridoni. Kila mtu anapita. Hata upepo unaweza kuweka karatasi pale."

"Zile fomu tupu alizosaini?"

"Droo ya chini. Haina kufuli, nimeomba kufuli miaka mitatu." Alivua miwani. "Dada, mzee yule hawezi kutunga hesabu. Mwaka jana alibishana na Mkurugenzi mbele za watu juu ya ukumbi mmoja, Mkurugenzi anataka mia tatu, yeye anasema mia mbili na tisini na moja. Kwa watu tisa alikubali kuitwa mpumbavu."

"Nahitaji kuona fomu zote."

"Nimeambiwa asubuhi hii nisitoe faili lolote kwa polisi mpaka barua iletwe."

"Umeambiwa na nani?"

"Nimeambiwa tu." Karani alifungua kabati, akatoa jalada nene, akaliweka katikati ya meza, akalinyoosha. "Kwa hiyo sikutolei. Mimi nakwenda kunywa chai, na chai yangu ni ya moto, hainyweki kwa chini ya saa nzima. Nikirudi nikute liko hapo hapo."

Alitoka bila kugeuka nyuma. Shangazi aliketi kwenye kiti chake.

Fomu zilikuwa sitini na mbili. Alizisoma moja moja, kila tarakimu, kidole kikitembea. Shule ya msingi, watu 413, vyoo 11, viwili havivuti maji. Ukumbi wa mazoezi, watu 688, vyoo 9. Chuo cha ufundi, watu 1,127, vyoo 31, na mkono wa mzee pembeni: *chumba cha mwisho dari linavuja, msimlaze mtu upande wa dirisha.* Hakuna jengo lililokuwa na hesabu nzuri. Moja lilikuwa na nafasi nyingi na vyoo vichache, jingine vyoo vingi na sakafu kiduchu, kwa sababu aliyejenga shule hakuwa akifikiria mafuriko.

Kisha namba 41. Watu 2,000. Sakafu mita za mraba 7,000. Vyoo 100. Hakuna dirisha, hakuna dari, hakuna la kusema pembeni.

Elfu saba kwa elfu mbili ni mita tatu na nusu kwa kila mtu, barabara, bila nguzo hata moja. Aliyeandika hakuanza na jengo. Alianza na idadi ya watu aliotaka kuwaweka, akapiga hesabu kurudi nyuma mpaka kwenye sakafu na vyoo, vile kanuni inavyotaka.

Ukutani, juu ya kichwa cha karani, ulibandikwa ukurasa wa mwongozo wa mkoa. Shangazi alisimama kuusoma. Nafasi ya mtu mmoja: mita tatu na nusu. Hiyo ilikubali. Vyoo: kimoja kwa watu hamsini.

Alipiga hesabu kichwani, halafu akaipiga kwenye karatasi, maana kichwa chake na hesabu hawakuwa marafiki tangu shule. Watu elfu mbili kwa kanuni ya hamsini ni vyoo arobaini. Fomu ilisema mia. Mia ni choo kimoja kwa watu ishirini.

Karani aliporudi alimkuta amesimama pale pale.

"Ishirini inatoka wapi?"

"Ishirini gani?"

"Choo kimoja kwa watu ishirini. Nani hapa anatumia kanuni hiyo?"

"Hakuna. Hapa sisi ni hamsini, miaka yote." Karani alikunja uso. "Labda iwe kwenye mwongozo mpya, na huo sijauona. Hakuna aliyeuona. Mhandisi anauandika mwenyewe, anauchapa nyumbani, ameukatalia hata Mkurugenzi mpaka utakapopitishwa leo pamoja na mpango."

Shangazi aligonga fomu kwa kidole. "Namba 41 ilikuwa ghala tangu mwanzo?"

Karani alitazama mlango, kisha akalifungua jalada mwenyewe, nyuma kabisa, amri ya barua imeshasahaulika. Ilikuwa orodha ya kwanza, ya miezi miwili nyuma. Namba 41 ilisomeka: shule ya binafsi, mtaa wa juu, watu 1,940, vyoo 46. Kando yake, msalaba wa kalamu nyekundu. "Hii mzee aliipima siku mbili nzima," karani alisema. "Wiki tatu baadaye nikaambiwa imeondolewa. Sikuambiwa kwa nini."

Mhandisi wa Maafa alikuwa mtu nadhifu, mpole wa sauti, na alimkaribisha Shangazi kwa maji ya kunywa na pole ya kazi. Ilikuwa saa saba na dakika kumi. Juu ya meza yake palikuwa na jalada la bluu la mpango, tayari kwa saini, na pembeni yake kitabu chembamba kilichofunikwa kwa karatasi nyeupe.

"Nasikia mzee anabisha," alisema. "Inasikitisha. Nilimheshimu sana."

"Mimi mambo haya ya ufundi sielewi, Mhandisi. Naomba unifundishe, nisije nikaaibika mahakamani. Mtu akikimbia mafuriko, anapewa nafasi kiasi gani?"

"Mita tatu na nusu za mraba."

"Na choo? Kimoja kwa watu wangapi?"

"Ishirini."

Alijibu haraka, kwa raha ya mtu anayelijua somo lake. Shangazi aliandika, akapiga mstari chini.

"Ukuta wa masjala unasema hamsini."

"Ule ni wa zamani. Ishirini ndiyo sahihi, nimeiweka kwenye mwongozo mpya."

"Nani ameusoma mwongozo mpya?"

"Bado. Leo saa nane ndiyo nau..." Mhandisi aliinua bilauri, akanywa, akaiweka.

"Endelea."

"Sijui unakoelekea, afande."

"Naelekea ghalani. Lina choo kimoja. Fomu inasema mia, yaani ishirini ishirini mpaka elfu mbili. Mzee Mkeka hajui ishirini. Karani hajui ishirini. Mkurugenzi umemnyima kitabu. Mjini hapa, mtu anayejua ishirini ni mmoja, naye ndiye aliyenikaribisha maji."

Mhandisi aliisogeza bilauri pembeni. Nje dereva alikuwa anapiga honi kumfukuza mtu aliyeegemea gari lililooshwa.

"Unakaa wapi, Mhandisi?"

"Mtaa wa juu."

"Watoto wanasoma wapi?"

"Hapo hapo mtaani."

"Kwenye shule yenye vyoo arobaini na sita."

"Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi," alisema, na sasa upole ulikuwa umemwisha. "Unajua kikao kile kilivyokuwa? Wazazi mia mbili wamesimama, wanapiga kelele: Watu wa bondeni wakiingia hawatatoka. Wataleta magonjwa. Wataiba kompyuta. Ningefanya nini?"

"Ungewaambia hapana."

"Ni majirani zangu!"

"Na yule mama mshonaji alikuwa jirani wa nani?"

Hasira zilimpanda Shangazi mpaka sikio likawaka, na hakujaribu kuzificha. Alikitoa kile kiatu cha mtoto kwenye mkoba, ndani ya mfuko wake wa plastiki, akakiweka juu ya jalada la bluu. Mhandisi alisogeza kiti nyuma.

"Lilikuwa jambo la muda," alisema. "Idadi ilikuwa lazima itimie, la sivyo mpango usingepita. Nilichukua ghala lolote kwenye ramani. Ningetafuta mahali pengine baadaye. Zoezi halikupangwa kufika namba 41, walibadili njia asubuhi ile ile. Sikukusudia mtu afe."

"Niandikie hayo."

"Sitaandika neno." Alisimama, akalichukua jalada kwa mikono miwili, kiatu akakiacha mezani. "Saini ya mzee iko pale. Yangu haipo popote. Nina mkutano."

Shangazi alimwacha aende. Alitoa simu, akampigia askari wa zamu kituoni, akamwambia ampakie Mzee Mkeka kama ilivyoamriwa, ila asimpeleke mahakamani. Amlete jengo la mkoa, ghorofa ya tatu.

Ukumbi wa mikutano ulikuwa na meza ndefu na viti kumi na sita. Mkurugenzi, mwanamke mrefu aliyeonekana hajalala siku kadhaa, alikuwa ameshafungua kalamu. Mkuu wa Upelelezi aliketi kulia kwake, amekuja kushuhudia kazi njema ya jeshi. Mlango ulipofunguka akaingia mzee mwenye pingu, askari nyuma yake, na Shangazi mwenye magoti ya vumbi, Mkuu alinyanyuka nusu.

"Huyu kwa nini yuko hapa?"

"Njia ya mahakamani inapita hapa, afande."

"Haipiti hapa!"

"Leo inapita."

Alisema yote akiwa amesimama, kwa dakika nne: fomu tupu kwenye droo isiyo na kufuli, sakafu isiyo na chaki, choo kimoja, ishirini ambayo haijui mtu ila mmoja, shule iliyofutwa kwa kalamu nyekundu, na maneno ya Mhandisi mwenyewe saa moja iliyopita. Alipomaliza, Mkurugenzi alimgeukia Mhandisi.

"Ni kweli?"

Mhandisi alikuwa anaitazama kalamu ya Mkurugenzi. Aliitazama muda mrefu mno, na kila mtu mezani akapata jibu lake.

Mkurugenzi alijifuta uso kwa kiganja. Alipozungumza alizungumza na mzee, kwa heshima.

"Mzee wangu, umeonewa. Nenda nyumbani leo hii, Mkuu atafuta shtaka. Huyu tutamalizana naye. Lakini bwawa limejaa, na wizara inasubiri mpango wenye saini kabla ya saa kumi. Nikiwapelekea wenye upungufu wa watu elfu mbili wataurudisha, na tutakaa mwezi mwingine bila kitu. Natia saini ulivyo. Namba 41 tutairekebisha wiki ijayo. Yaishe."

"Ghala linabaki kitabuni?" Mzee Mkeka aliuliza.

"Kwa wiki moja."

"Na bwawa likifunguliwa kesho? Vipaza sauti vya mkoa vitawaambia watu elfu mbili waende wapi?"

"Mzee, nimekwambia uko huru."

"Nimesikia. Basi nirudisheni ndani."

"Usiwe mbishi," Mkuu alisema. "Unapewa uhuru unaukataa?"

"Naukataa. Nikitoka kwa bei hiyo, nitakuwa nimelisaini ghala kweli. Mara ya kwanza nilisaini kwa ujinga. Mara hii nitakuwa najua." Alimgeukia askari. "Twende, kijana. Mahakamani ni huku au huku?"

Askari hakujua aangalie wapi. Mkurugenzi aliinamisha kalamu juu ya ukurasa.

Shangazi alivuta jalada la bluu kutoka chini ya kalamu. Hakulipora. Alilivuta taratibu kwa vidole viwili, kama alivyovuta vielelezo vyote kwa miaka kumi na tisa, akalitumbukiza kwenye mfuko mkubwa wa plastiki, akaubana mdomo. Mkurugenzi alibaki ameshika kalamu hewani.

"Unafanya nini?"

"Nachukua kielelezo. Hati ndani yake ni ya kughushi, na imeua mtu. Nakala mnazo, vituo sitini na kimoja vilivyo halali vifungueni hata leo. Lakini hii ya kutiwa saini iko mikononi mwa polisi, na kielelezo hakitiwi saini na mtu mwingine ila aliyekichukua na mahakama."

"Shangazi," Mkuu alisema kwa sauti ya chini, "rudisha kitu hicho. Hiyo ni amri."

"Niandikie, afande. Andika kwamba umeniamuru nirudishe kielelezo cha kifo mezani, mbele ya mtuhumiwa. Andika na saa, weka jina lako. Nitatii papo hapo."

Karatasi zilikuwa tele mezani na kalamu pia. Mkuu hakugusa hata moja.

"Unajua umefanya nini?" Mkurugenzi aliuliza. "Kuanzia sasa mkoa huu hauna mpango."

"Haukuwa nao hata jana, mama. Leo angalau mnajua."

Aliandika lebo: tarehe, saa nane na dakika ishirini na tano, ukumbi wa ghorofa ya tatu. Akatia saini yake. Kisha akamwambia Mhandisi abaki alipo, na akamgeukia askari.

"Mfungue mzee pingu."

Askari alimtazama Mkuu. Mkuu aliangalia dirishani. Ufunguo uligeuka, pingu zikaanguka, na Mzee Mkeka akasugua viganja vyake bila kumshukuru mtu. Alisogea mpaka mbele ya meza ndefu, akaegemea ngumi mbili juu yake.

"Ile shule ya juu," alisema. "Ufunguo wa geti anao nani?"

Hakuna aliyejibu, kwa hiyo akauliza tena.